Kazi ya Mwisho ya Fundi Haigh

Norris Haigh alinizimia boila, mashine ya gesi inayopasha nyumba nzima joto, tarehe ishirini na tatu Desemba, nikiwa na batamzinga kwenye friji, mama yangu mzazi kwenye kochi, na theluji mpaka kizingitini. Nilikuwa nimemwita mwenyewe, kwa sababu redieta za vyumba vya juu zilikuwa hazipati moto. Akaja, akavua viatu mlangoni kama kawaida yake, akafungua kifuniko, akachungulia kwa tochi. Kisha akafunga gesi na kuning'iniza lebo nyekundu: HATARI, USITUMIE. Bomba la moshi limepasuka, alisema.

"Haigh," nikamwambia, "kesho kutwa Krismasi."

"Najua, Thelma."

"Mama ana miaka themanini na sita."

"Ndiyo maana."

Baada ya nusu saa alirudi na hita mbili za umeme, moja kila mkono. Nilizipokea, nikazipeleka moja kwa moja mpaka uani kwake, nikazitua juu ya theluji mbele ya macho yake. Tangu siku ile sikumsemesha. Miaka kumi na moja tumetenganishwa na ukuta mmoja wa matofali, namsikia akikohoa, naye ananisikia nikigombana na redio, na salamu hakuna. Sisi wa Keighley, kaskazini mwa Uingereza, tunajua kununa. Lebo yake niliihifadhi kwenye droo ya jikoni, nikawa nawaonyesha wageni: tazama roho ya jirani yangu ilivyo.

Na sikuwa peke yangu niliyekuwa na kisa naye. Norris alifanya kazi ya gesi miaka arobaini na minne, na sidhani kama kuna mtaa mjini hapa ambao hakuacha mtu akitetemeka. Akiona hatari hakuangalia sura. Alimzimia kasisi. Alimzimia shemeji yake mwenyewe siku ya arusi ya binti. Aliwashtaki mafundi wawili waliokuwa wakifungua maboila bila kadi ya leseni ya gesi, na mmoja wao alikuwa mwenzake wa kriketi. Msemo wake ulikuwa mmoja: "Kama huna kadi, mkono wako uishie nje ya kifuniko." Mke wake Avril alinichekesha siku moja tukianika nguo, maana Avril sikuwa na ugomvi naye. Alisema akifa Norris wataandika hayo maneno kwenye kaburi lake.

Kadi ile huhuishwa kila mwaka. Mwaka jana, mwisho wa Septemba, Norris aliiacha ikaisha. Alikuwa na miaka sitini na minane, akasema imetosha. Wiki hiyohiyo, kabla kadi haijafa, alifungua boila ya nyumbani kwake, akaisafisha yote, akaandika kwenye kitabu chake cha huduma. Avril alinisimulia kwamba alifanya kazi hiyo siku nzima wakati zamani ilimchukua saa moja na nusu. "Anaiaga," akasema Avril. Tukaona ni jambo la kuhurumiwa kidogo, mzee anaaga kazi yake.

Basi Avril akaanza kuumwa. Kwanza kichwa, Oktoba yote, halafu kichefuchefu, halafu kifua kikashika. Daktari akasema mafua, akasema tena umri. Desemba alilazwa siku kumi na moja, akarudi baada ya Mwaka Mpya akiwa mwembamba na maagizo mkononi: chumba kisishuke chini ya nyuzi kumi na nane, mapafu yake hayawezi baridi.

Jumatatu ya pili ya Januari, saa tatu asubuhi, mlango wangu ukagongwa. Barafu ilikuwa imeshika madirisha kwa ndani. Nikafungua, na nani amesimama pale, mikono mifukoni, pua nyekundu? Haigh.

"Thelma," akasema. "Boila yangu imezima tangu jana jioni."

Sitadanganya, moyo wangu ulicheka. Miaka kumi na moja nilikuwa nangoja asubuhi ile. Nikasema, "Kinyozi hajinyoi, eh?"

"Nyumbani mna nyuzi kumi na moja. Avril midomo imekuwa ya bluu."

Kicheko kikakatika. Nilivaa koti juu ya nguo ya kulalia nikaenda. Nilimkuta Avril jikoni ndani ya blanketi mbili, kiti chake mahali pale pale anapokaa siku zote kujaza mafumbo ya gazeti, chini ya boila, kwa kuwa ndipo penye joto kuliko kote. Nikamshika kiunoni nikamvusha mpaka kwangu, nikamlaza kwenye kochi, nikawasha moto wangu mpaka mwisho. Hakutaka kuja. Alirudia njia nzima, "Lakini sitaki kukusumbua, Thelma, una mambo yako." Mambo yangu! Nilikuwa na paka na mkate mmoja.

Nilirudi kwa Norris kwa sababu, ukweli, nilitaka kuona mkuu wa maboila akishindwa na boila. Nikamkuta amesimama mbele yake, mikono bado mifukoni.

"Soma presha ya maji," akasema.

"Soma mwenyewe."

"Macho yangu, Thelma. Tafadhali."

Sindano ilikuwa chini ya moja. Akanielekeza mipini miwili midogo chini ya boila, akaniambia niifungue polepole mpaka sindano ifike moja na nusu, kisha niifunge yote miwili, nisisahau hata mmoja. Nikafanya. Maji yakavuma ndani ya kuta. Boila kimya.

"Sasa betri za themostati, kile kipima joto cha ukutani. Droo ile."

"Mimi mwanafunzi wako?"

"Zina ncha mbili, Thelma, huwezi kukosea sana."

Nikabadilisha betri. Kimya. Akasema twende nje, kwenye bomba jeupe la plastiki linalotoa maji ya boila ukutani, kwa maana kwenye barafu kali huganda na boila hukataa kuwaka. Nikaja na birika. Akanisimamisha: vuguvugu, si ya kuchemka, utalipasua. Nikarudi kuchanganya. Nikamwaga, kidole changu kikafa ganzi, na kipande cha barafu kirefu kama soseji kikateleza kutoka mdomoni mwa bomba. Nikafurahi kama mtoto. Tukakimbilia ndani.

"Bonyeza kitufe cha kuwashia upya," akasema. "Mara moja. Shikilia, hesabu tano, achia."

Nikabonyeza. Feni ikaanza kuzunguka. Kisha tukasikia tik, tik, tik, tik. Norris aliinamisha kichwa ubavuni mwa kifuniko kama daktari. Tik, tik. Kisha kimya, na taa nyekundu ikarudi.

"Gesi inafika," akasema. "Cheche haifiki. Inapotea njiani. Waya wa kuwashia umeungua ganda." Akafikiri. "Kwa nini uungue?"

"Mimi nijue?"

"Sikukuuliza wewe."

Nikamwambia basi afungue, autengeneze. Bisibisi ipo, waya hakosi gerejini, ana maboksi ya vipuri mpaka kwenye dari. Akatikisa kichwa. Kadi imekwisha. Nikapandisha sauti, nikamwambia mkeo ana midomo ya bluu na wewe unaniimbia habari za kadi? Akasema polepole, kama mtu anayesoma ukutani, kwamba kama huna kadi mkono wako unaishia nje ya kifuniko. Nilitaka kumpiga na birika.

Akapiga simu kwa kampuni moja ya matengenezo. Tulisikiliza muziki dakika arobaini, kisha msichana mwenye sauti tamu akapokea.

"Bwana Haigh, naomba tupitie maswali machache. Je, umehakikisha boila ina umeme?"

"Ndiyo."

"Je, unajua presha ni nini?"

Nilimwona akifumba macho. "Naam, binti. Najua kidogo."

"Vizuri sana! Je, umejaribu kumwaga maji ya vuguvugu..."

Alimjibu yote, kwa adabu, swali baada ya swali. Mwisho akaambiwa fundi atakuja Alhamisi, kati ya saa mbili asubuhi na saa saba mchana, maana baridi imezima nusu ya mji. Akasema asante. Akakata. Akakaa kwenye kiti cha Avril akitazama sakafu, na nikaona kwa mara ya kwanza kwamba mzee huyu hana la kufanya kabisa. Miaka arobaini na minne ya ujuzi, na haumsaidii kitu.

"Una mafundi uliowafundisha," nikamwambia. "Yule mwanamke, Gaynor."

"Gaynor ana foleni. Kuna vichanga huko, kuna wazee. Siwezi kuruka foleni kwa sababu ni mimi."

"Wewe ni mzee, pumbavu!"

Simu yake ilikuwa mezani. Nikaichukua, nikatafuta jina, nikapiga mwenyewe. Gaynor Bairstow akasema atapita kesho saa ya chakula, na nisimwambie Bosi, yaani Norris, kwamba ni upendeleo, nimwambie ni njiani.

Jumanne asubuhi Avril alikunywa uji wa shayiri kwangu, bakuli zima. Rangi ilikuwa imemrudia. "Ajabu, Thelma," akasema, "leo ni mara ya kwanza kichwa hakiumi. Tangu nitoke hospitali kilikuwa kinagonga kila siku. Nyumba yako ina hewa nzuri." Nikamwambia ni mapishi yangu. Tukacheka. Nayakumbuka maneno hayo kila siku, na jinsi nilivyoyapita.

Gaynor alikuja saa sita na robo, mwanamke mnene mwenye miaka hamsini hivi, akavua viatu mlangoni. Alifundishwa na nani, hamna haja ya kuuliza. Norris akampa habari kwa ufupi: presha sawa, bomba la nje sawa, feni inazunguka, cheche haifiki.

"Waya wa kuwashia," akasema Gaynor.

"Waya wa kuwashia," akasema Norris, na kwa mara ya kwanza katika siku mbili akatabasamu.

Nikaweka chai na biskuti mezani, kwa sababu fundi hafanyi kazi bila chai, hata kama jirani anazama. Gaynor akashika bisibisi kufungua kifuniko cha nje, akasita.

"Bosi, skrubu ya chini hapa iko wapi?"

"Ipo."

"Haipo. Na hii ya juu imeingia upande. Kifuniko hakikukaa."

Gaynor akakitoa. Hata mimi, nisiyetofautisha boila na jiko, niliona: ndani, kuzunguka mlango mdogo wa chuma mahali moto unapokaa, rangi ilikuwa imeungua kahawia, na waya uliopita karibu ulikuwa umeyeyuka kama mshumaa. Gaynor akawasha tochi. Kisha akauvuta kwa kidole ukanda mweusi uliokunjamana.

"Gasketi ya mlango wa moto, ya kuzibia moshi," akasema. "Haikubadilishwa. Imerudishwa ya zamani, tena imekunjwa ilipofungwa. Moshi umekuwa ukitoka hapa, umechoma waya. Na kifuniko cha nje hakizibi." Akageuka. "Bosi, moshi ulikuwa unaingia jikoni. Nani aliihudumia mara ya mwisho?"

Kitabu cha huduma kilikuwa kimechomekwa ubavuni. Alikifungua kabla hajajibiwa. Nami nikachungulia begani kwake. Mistari yote ya miaka iliyopita ilikuwa imenyooka kama ya karani. Mstari wa mwisho, wa Septemba, ulipanda na kushuka, na jina Haigh lilikuwa limevunjikavunjika.

Gaynor akakifunga taratibu. "Bibi Avril kichwa kilimwanza lini?"

"Oktoba," nikasema mimi.

"Hospitali kilimuuma?"

"Hapana," akasema Norris. "Alisema alilala vizuri hospitali." Sauti yake ilikuwa ya kawaida tu. "Ifunge, Gaynor. Ifunge yote. Weka lebo."

"Kwanza, Bosi, wote wawili leo hii mnakwenda kupimwa damu. Moshi ule una hewa ya sumu isiyo na harufu, lakini damu itasema. Siku mbili bila moto zinaweza kuificha, lakini mwambieni daktari kila kitu."

"Lebo, Gaynor."

Akafunga gesi. Akaitoa lebo nyekundu kwenye begi, akaandika, kisha akaweka karatasi mezani, maana mwenye nyumba husaini kwamba ameambiwa. Akampa kalamu. Norris akatoa mkono wa kulia mfukoni, na hapo ndipo nilipoelewa asubuhi yote ya jana: presha, betri, birika, kitufe. Mkono ulikuwa unacheza. Haukuwa wa baridi. Ulikuwa unacheza peke yake, kama una shughuli zake. Akaibana kalamu, kalamu ikachora mkwaruzo kwenye karatasi ikaanguka. Akaiokota, ikaanguka tena.

"Mikono yangu, Gaynor," akasema.

"Najua, Bosi. Nina miaka miwili najua."

"Mbona hukusema?"

Gaynor, mwanamke mkubwa vile, akaanza kulia. "Ningekuambiaje wewe?"

Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo isemwavyo, lakini wahenga hawakusema kitu juu ya wanaomsaidia kuficha. Gaynor akajifuta kwa mkono wa koti, akauliza swali la mwisho, la kujaza fomu tu: king'ora cha hewa ya sumu kiko wapi? Norris akaonyesha ukutani juu ya friji bila kutazama. Alikuwa amekifunga yeye, kama alivyofungia nusu ya mji kwa lazima na matusi. Ukutani palikuwa na skrubu mbili na alama safi ya mraba.

Alipaangalia pale kana kwamba nyumba imeibiwa.

Nikasema nitamuuliza Avril. Nikatoka upesi, na kweli nilitaka kutoka. Avril alikuwa kwenye kochi langu na paka mapajani, gazeti mkononi, anatafuta neno la herufi saba. Nikamuuliza king'ora cha jikoni kiko wapi.

"Ah, kile." Akapunguza sauti, akatazama mlango kama mtu anayetoa siri ya kuchekesha. "Kiko kwenye droo, chini ya vitambaa vya kufutia vyombo. Usimwambie. Kilianza kulia mwezi wa kumi, kinalia, kinalia. Nikajua ni betri. Na Norris angetaka kupanda kiti akitengeneze, na ile mikono yake, Thelma, anadhani sijaiona, mimi ninayemfunga vifungo vya shati. Angeanguka. Au angeshindwa mbele yangu, na hilo ni baya zaidi. Basi nikapanda mimi, nikakitoa, nikakibonyeza mpaka kikanyamaza."

Nyuma yangu mlango ulifunguka. Norris alikuwa amenifuata na soksi zake kwenye theluji, viatu amesahau. Sijui alisikia kuanzia wapi. Alisikia ya kutosha.

"Kililia?" akauliza.

Avril akamtazama, kisha akanitazama mimi, na tabasamu likamtoka polepole. Bado hakujua chochote. "Kidogo tu, mpenzi. Siku mbili tatu. Ulikuwa umesinzia kwenye kiti chako. Sikutaka kukusumbua."

Norris akapiga magoti mbele ya kochi, kwa shida, akaiweka mikono yake yote miwili mapajani mwa Avril, hadharani, ikicheza. Paka akaruka akakimbia. Akaanza kumwambia: gasketi, skrubu, waya. Alimwambia yote kwa utaratibu, kama anavyomweleza mteja, bila kujipunguzia. Avril alisikiliza huku akiishika ile mikono, akijaribu kuituliza, nayo haikutulia.

Mimi nilikuwa nimesimama na lebo yangu. Sijui niliitoa kwenye droo saa ngapi, ile ya miaka kumi na moja, wekundu umepauka. Nilitaka kumwambia kwamba mama yangu aliishi miaka saba baada ya Krismasi ile, akafa kitandani kwake kwa uzee, na kwamba sikuwahi hata siku moja kuunganisha mambo hayo mawili. Mimi niliyemchukia, alinisumbua nikapona. Avril aliyempenda alimnyamazia, na yeye akamnyamazia Avril.

Lakini Avril alikuwa anamwambia, "Nyanyuka, Norris, magoti yako," naye hakuweza kunyanyuka. Basi nikaiweka lebo mfukoni, nikamshika kwapa moja, Avril akamshika lingine, na hatukuweza kumwinua hata kidogo.